Upele Humwota Asiye na Kucha: Historia ya Kidudu Kimoja na Dawa Zake Hapa Tanga

Nimekuwa kimya kidogo hapa kibarazani kwa sababu ya kazi za gazetini. Sasa nimerudi na mada ambayo najua wengine mtaanza kujikuna kabla hamjafika nusu ya ukurasa. Mada ni upele. Sisemi harara, wala chunusi, wala vipele vya joto. Nasema ule upele wenyewe, unaowasha usiku mpaka mtu anaamka na kukaa kitandani, unaopenda katikati ya vidole, kwenye viwiko, kiunoni na sehemu za siri, na ukishaingia kwenye nyumba haumwachi mtu.

Kwa nini upele? Nina sababu mbili. Kwanza, huku kwetu Tanga na mwambao huu wa kaskazini, kuanzia Mkinga mpaka Pangani, historia ya ugonjwa huu imeshikana na historia yetu nyingine: mkonge, ukoma, UKIMWI, matende na mabusha. Pili, kuna aina moja ya upele ambayo inaua, na inawachagua watu ambao tayari wana mzigo mwingine. Hao ni wenye VVU ambao kinga yao imeshuka, wazee waliodhoofika, wenye ukoma, na wanaotumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili. Wengi wao hufichwa chumba cha uani kwa aibu, na hali dawa ipo.

Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Siku hizi tunautumia msemo huu kumsema mtu aliyepata nafasi asiyoweza kuitumia. Lakini nilipofuatilia historia ya ugonjwa wenyewe nikaona kwamba ukiuchukua msemo huu neno kwa neno, ni elimu ya tiba tupu. Twende taratibu, mtaniambia wenyewe.

KIBERITI UPELE

Tuanze na lugha yetu. Tafuta neno salfa kwenye kamusi ya Kiswahili, utakutana na jina lake la zamani: kiberiti upele. Yaani Waswahili waliupa unga ule wa njano jina la kazi yake. Kiberiti hiki ni cha upele, basi. Wazee walikuwa wanauchanganya na mafuta ya nazi na kumpaka mgonjwa mwili mzima. Wengine walichemsha majani ya mwarobaini wakayaogea.

Msije mkacheka. Warumi wa kale nao waliandika kuhusu salfa kwa magonjwa ya ngozi ya namna hii, na hata leo mafuta ya salfa ya asilimia 5 hadi 10 hutumika kwa watoto wachanga na kina mama wajawazito, ambao hawapewi baadhi ya dawa nyingine. Yananuka, yanachafua shuka, lakini yanafanya kazi. Kwa hiyo jina hilo peke yake linatuambia kwamba ugonjwa ulikuwepo mwambao huu siku nyingi, na watu walikuwa na dawa yake kabla ya zahanati ya kwanza.

Ambacho hawakukiona ni kidudu chenyewe. Ni jamii ya utitiri, ndugu wa mbali wa kupe na buibui, ana miguu minane. Jike ana urefu wa chini ya nusu milimita. Anachimba kijishimo kwenye tabaka la juu la ngozi, anatembea humo humo na kutaga mayai mawili matatu kila siku. Kinachowasha si meno yake, ni mwili wako unaomkataa yeye, mayai yake na uchafu wake. Ndiyo maana anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku tayari anawaambukiza wenzake.

Mwaka 1687 daktari Mtaliano, Giovan Cosimo Bonomo, pamoja na muuza dawa Diacinto Cestoni wa mji wa Livorno, walimtazama kidudu huyu kwa hadubini na kuandika kwamba ndiye anayeleta upele. Walijuaje pa kumtafuta? Waliwaona wanawake maskini wakiwatoa watoto wao vidudu kwa ncha ya sindano. Wakubwa wa tiba hawakukubali, wakaendelea kusema upele ni damu chafu. Ikapita karibu miaka 150. Mwaka 1834 mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Corsica, Simon François Renucci, akamtoa kidudu huyo kwa sindano mbele ya madaktari wa hospitali ya Saint-Louis mjini Paris. Na yeye alikuwa amejifunza kwa wanawake wa kijijini kwao. Akina mama walijua kabla ya maprofesa. Liwekeni hilo akilini, tutalihitaji baadaye.

WAGONJWA WA BERGEN

Sasa tufike kwa asiye na kucha. Mwaka 1848 madaktari wawili wa Norway, Daniel Cornelius Danielssen na Carl Wilhelm Boeck, walichapisha kitabu kikubwa kuhusu ukoma. Norway ya wakati huo ilikuwa na wakoma wengi, na Bergen ilikuwa na hospitali zao. Ndani ya kitabu wakaeleza jambo la ajabu: baadhi ya wagonjwa walikuwa na magamba mazito, makavu, yaliyopasuka kama gome la mti, mikononi, miguuni, mpaka chini ya kucha. Walipoyaweka magamba hayo chini ya hadubini, walikuta yamejaa vidudu vya upele, wazima na wafu, na mayai yao. Mwaka 1862 Ferdinand von Hebra wa Vienna akaupa hali hiyo jina la upele wa Norway. Jina likabaki, ingawa Norway haina kosa lolote. Wataalamu wengi leo wanapenda kuuita upele wa magamba. (Kwa wapenda historia: Danielssen huyo alikuja kuwa mkwe wa Gerhard Armauer Hansen, ambaye mwaka 1873, Bergen hapo hapo, alikitambua kimelea cha ukoma.)

Kwa nini wenye ukoma? Mtu mzima wa afya anapopata upele wa kawaida huwa na vidudu wachache, kama 10 au 15 hivi mwili mzima. Mambo mawili yanawazuia wasizidi. La kwanza ni kinga ya mwili inayopigana nao. La pili ni kucha! Kujikuna kunavunja vijishimo na kuwatoa vidudu. Sasa mchukue mtu ambaye ukoma umeua mishipa yake ya fahamu, hasikii muwasho, na vidole vyake vimeliwa hawezi hata kujikuna. Vidudu wanazaliana bila mtu wa kuwauliza. Mtu mmoja wa namna hii anaweza kubeba maelfu, hata mamilioni.

Nimesema msemo wetu ni elimu ya tiba. Waliotunga sijui walikuwa wanamwangalia nani, lakini walisema kweli: upele mkubwa kuliko wote humwota asiye na kucha. Na kucha siyo za vidoleni tu. Kinga ya mwili nayo ni kucha.

Huku kwetu ukoma ulikuwa jambo la kila siku. Wajerumani walianzisha makazi ya wakoma sehemu mbalimbali za koloni lao, na baadaye wamisionari na serikali wakaendelea. Misufini kule Muheza na Nunge ya Kigamboni ni majina ambayo wazee wanayafahamu. Watu walitengwa huko na ndugu zao hawakurudi kuwaona. Fikiria mtu amejaa magamba mazito mikononi katika nchi ambako kila mtu anauogopa ukoma. Nani angekaa kuchunguza kama ni ukoma, ni upele, au ni vyote viwili? Hata leo madaktari huuchanganya upele wa magamba na magonjwa mengine ya ngozi.

KAMBI ZA MANAMBA NA WAGOMVI WA VITA

Tanga tunayoijua ilijengwa na mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na miche hiyo mashamba yakafunika Pangani, Muheza, Tanga na Korogwe. Watu wa kukata wakatafutwa mbali: Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Waliitwa manamba kwa sababu kila mtu alikuwa na namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya kuwakusanya, SILABU. Mtu alisafiri siku nyingi kwenye lori na garimoshi, kisha akalala chumba kimoja na wenzake wengi, kikanda kwa kikanda, maji ya kuoga ya foleni.

Upele hauna nyumbani pengine zaidi ya hapo. Na wakati SILABU inaundwa, Uingereza mtu mmoja alikuwa ndio kwanza ameeleza kwa nini. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaendelea, askari wa Kiingereza walikuwa wanajikuna, na wakubwa wa jeshi waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na mablanketi, wakawa wanayachemsha kwa maelfu. Mtaalamu wa wadudu, Kenneth Mellanby, akawaomba vijana waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani zao wajitolee kwa majaribio katika nyumba moja mjini Sheffield. Vijana wale wakavaa nguo za ndani za askari wagonjwa, wakalala kwenye mablanketi yao. Walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Lakini walipolala kitanda kimoja na mgonjwa, upele ukahama. Mellanby akahesabu pia vidudu: wastani wa majike 11 kwa mgonjwa. Mwaka 1943 akatoa kitabu chake. Upele wa kawaida unahama ngozi kwa ngozi, siyo kwa blanketi.

Hapa kuna kisa ndani ya kisa. Alichokigundua Mellanby ni kweli kwa upele wa kawaida. Kwa upele wa magamba hesabu inageuka. Magamba yanadondoka kitandani, kwenye kiti, kwenye vumbi la sakafu, na kila gamba limebeba vidudu wanaoweza kuishi siku kadhaa. Hapo shuka, kanga na godoro navyo vinaambukiza. Mgonjwa mmoja anatosha kuwasha wodi nzima, wauguzi wakiwemo.

Dawa ya zama hizo ilikuwa ile ambayo wengi wetu tumepakwa utotoni: benzili benzoeti, maarufu kwa jina la BBE. Daktari wa Denmark, Kissmeyer, aliandika mwaka 1937 jinsi inavyoponya upele kwa haraka, na ikasambaa duniani. Inapakwa kuanzia shingoni mpaka nyayoni, inachoma kama pilipili ukiwa umejikwaruza, lakini inaua. Shida yake ni moja. Haipiti kwenye gamba zito. Kwa asiye na kucha, BBE peke yake ni kama kumwagia maji paa la bati ukitegemea kulowesha walio ndani.

UGONJWA MPYA UNAPOINGIA

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa na wagonjwa. Tanga ina bandari, reli, barabara ya Mombasa na barabara kuu ya Segera, haikupona.

VVU vinashambulia askari wa kinga wanaoitwa CD4. Askari hao wakiisha, kidudu wa upele anakuwa kwenye shamba lisilo na mlinzi. Toka miaka ya 1980 madaktari sehemu mbalimbali duniani wakaanza kuona tena kile walichokisoma kwenye vitabu vya Norway, safari hii kwa vijana wenye UKIMWI.

Nilizungumza na muuguzi mstaafu mmoja wa Muheza, bibi wa makamo ya nyanya yangu. Nilipomwamkia shikamoo na kumweleza ninachotafuta, alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, tulikuwa tunawaona. Ngozi kama ya mamba. Wengine hata hawajikuni. Ndugu wanasema amelogwa, wanamwacha langoni wanaondoka." Akaniambia kuwa kwenye wodi aliyofanya kazi miaka ya 1990, mgonjwa mmoja wa namna hiyo alilala siku chache tu, na baada ya wiki kadhaa wauguzi, wapishi na mfua nguo wote wakawa wanajikuna. "Tukawa tunaogopana," alisema. "Tulifikiri ndio UKIMWI wenyewe unaingia kwa ngozi."

Wadau, hapo ndipo historia inapouma. Watu walifikiri UKIMWI unaambukiza kwa kugusana kwa sababu walikuwa wanaona kitu kweli kinachoambukiza kwa kugusana. Kilikuwa upele. Hofu ikakaa kwenye ugonjwa usiohusika, na mgonjwa akakosa hata mtu wa kumshika mkono. Wengi hawakufa kwa muwasho. Ngozi ikipasuka bakteria wanaingia, wanafika kwenye damu, na mtu asiye na kinga anaondoka ndani ya siku chache.

Kitu kimoja kizuri kilichotokea kipindi hicho ni chuo cha magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kinachojulikana kama RDTC, kilichoanza mwaka 1992. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha matabibu wa kawaida, siyo madaktari bingwa peke yao, kutoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika, ili warudi wilayani wakijua kutofautisha magonjwa ya ngozi. Siyo kazi ndogo. Mwenye VVU anaweza kuwa na vipele vingine vinavyowasha ambavyo si upele kabisa, na BBE haitamsaidia.

Na kuna mtego mwingine tunaoufahamu vizuri huku pwani: mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua, na hata krimu za kawaida za duka la dawa zinazouzwa kwa kila muwasho, zina steroidi. Steroidi hutuliza muwasho, mtu anaona amepona, kumbe imelaza kinga ya ngozi na vidudu wanaendelea kuzaana kimya kimya. Ni kumkata mtu kucha kisha kumwambia hana upele.

DAWA ILIYOKUJA KWA AJILI YA WENGINE

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda. Miaka ya 1970 mtaalamu wa Japani, Satoshi Ōmura, alichukua udongo karibu na uwanja wa gofu kule Kawana. Ndani yake kulikuwa na bakteria anayetengeneza sumu ya minyoo na wadudu. Akashirikiana na William Campbell wa kampuni ya Merck ya Marekani, wakapata ivamektini. Ilianza kama dawa ya mifugo. Mwaka 1987 Merck ikatangaza kuitoa bure, kwa jina la Mectizan, kwa ajili ya ugonjwa wa usubi unaopofusha watu kandokando ya mito. Mwaka 2015 wazee hao wawili wakapata nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio ya vidonge hivyo kwa wagonjwa 22 wa upele, nusu yao wakiwa na VVU. Karibu wote walipona, ila baadhi ya wenye VVU walihitaji dozi ya pili. Kwa mara ya kwanza ikawepo dawa inayomfikia kidudu kutoka ndani, kupitia damu, badala ya kugonga gamba kwa nje.

Tanga tulikuwa na bahati, ingawa ni bahati ya ajabu. Milima ya Usambara ina usubi. Mwambao wetu nao ni nchi ya matende na mabusha, sihitaji kumweleza mtu wa Tanga maana ya hayo. Kwa hiyo ivamektini ililetwa huku kwa magonjwa hayo. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza kugawa dawa Mafia mwaka 2000, na mkoa wa Tanga ukafikiwa mwaka 2004: ivamektini pamoja na albendazoli, mara moja kwa mwaka, kila mtu. Mgawa dawa wa kijiji alikuja na kijiti cha kukupima urefu, urefu wako ndio ukasema unywe vidonge vingapi.

Mmoja wa watu walioubeba mpango huo alikuwa Dk. Mwele Malecela. Utafiti aliuanzia kwenye kituo cha Amani, milimani Muheza, miaka ya 1980, akiwa binti aliyetoka chuo kikuu. Baadaye aliongoza mpango wa taifa, akawa mkurugenzi wa NIMR, na mwaka 2018 akaenda Geneva kuongoza idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Alifariki Februari 2022.

Hakuna aliyeleta vidonge vile kwa ajili ya upele. Lakini jirani zetu wa Zanzibar walikunywa mseto huo huo mara sita kati ya 2001 na 2006, na watafiti walipofungua kumbukumbu za vituo vya afya, walikuta kesi za upele zimeshuka kwa kati ya asilimia 68 na 98 kutoka 2000 hadi 2005. Fiji, nako, ambako waligawa ivamektini kwa lengo la upele hasa, utafiti uliotoka mwaka 2015 ulionyesha ugonjwa ukishuka kutoka asilimia 32.1 hadi 1.9 ndani ya mwaka mmoja.

Yaani ugonjwa ambao Waswahili waliupa jina la kiberiti chake ulipungua kwa sababu ya matende.

LAKINI ASIYE NA KUCHA?

Hapa ndipo nataka tuelewane. Kidonge cha mara moja kwa mwaka hakimponyi mwenye upele wa magamba. Ivamektini inaua vidudu, haiui mayai. Hata kwa upele wa kawaida dozi inarudiwa baada ya wiki moja au mbili. Kwa mwenye magamba utaratibu unaotambulika ni mzito zaidi: vidonge siku ya 1, ya 2, ya 8, ya 9 na ya 15, na kwa hali mbaya sana huongezwa siku ya 22 na ya 29. Wakati huo huo anapakwa pemethrini au BBE mara kwa mara, pamoja na mafuta ya kulainisha na kutoa magamba, kucha zinakatwa fupi na kusafishwa chini yake, na chanzo cha kinga kushuka kinatafutwa. Kama ni VVU, anaanzishiwa au anarekebishiwa ARV. Hizi zilianza kutolewa na serikali mwishoni mwa 2004, mwaka ule ule ambao Tanga ilianza kupewa dawa za matende. Kinga ikirudi, kucha zimerudi.

Na nyumba nzima inatibiwa siku moja, hata asiyewashwa. Mmoja akiachwa, mwezi ujao mnaanza upya. Hata kijiji kikinywa dawa kikawa safi, mgonjwa mmoja wa magamba aliyefichwa chumba cha uani anaweza kukirudisha chote kilipokuwa. Wanaomficha kwa aibu wanaufuga ugonjwa wanaoukimbia.

Jambo hili ni la sasa kwa sababu moja rahisi. Kingatiba ya matende ina mwisho. Wilaya ikipimwa ikaonekana maambukizi yameshuka vya kutosha, ugawaji unasimama. Ndiyo ushindi uliotafutwa, tushangilie. Lakini upele hausomi taarifa za matende. Vidonge vikiacha kupita mlangoni, unaweza kurudi polepole. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, na mwaka 2019 likaiweka ivamektini kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya upele. Makaratasi yapo. Mwaka 2025 Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, ambalo lilikuwa linachangia sana kingatiba na huduma za VVU nchini. Kwa hiyo swali la nani atanunua vidonge vya upele sasa ni letu, la bajeti yetu na la halmashauri zetu.

Nimalizie na yale ya kufanya, maana mwandishi asiyesema la kufanya anawapotezea watu bando.

Kama ndani ya nyumba kuna mtu mwenye magamba mazito mikononi au miguuni, hata kama hawashwi, msisubiri. Mpelekeni kituo cha afya, mwombeni mtabibu aangalie kama ni upele na apimwe VVU. Msimpake mkorogo wala krimu ya kubahatisha. Msinunue ivamektini ya ng'ombe kwenye duka la pembejeo, kipimo chake si cha binadamu. Vidonge hivi havipewi watoto wa chini ya kilo 15 wala wajawazito, wao wana dawa zao za kupaka. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, godoro litolewe nje.

Na mshikeni mkono. Waliomwona kidudu huyu kabla ya maprofesa walikuwa akina mama waliokaa karibu na wagonjwa wao wakawatazama vizuri. Mpaka leo, mgonjwa wa magamba huonwa kwanza na anayemwogesha, siyo na daktari.

Nawasilisha.